Jina la Watu Wawili

Jina langu sitalitaja hapa, na msomaji asidhani naringa. Nilifundishwa ukubwani, na mtu niliyempenda, kwamba watu wawili wenye jina moja hawaitani kwa jina hilo. Wanaitana somo. Ukimtaja mwenzako kwa jina ni kama unajiita mwenyewe, na anayejiita mwenyewe njiani watu humtilia shaka. Naweza kusema hili tu: jina lenyewe ni neno la kila siku la Kiswahili, na maana yake ni huruma ya Mungu. Wanaliomba msikitini, wanaliomba na kanisani. Aliyenipa ni mama yangu, kule kwetu nyuma ya Mazeras, baada ya kuwazika watoto wawili walionitangulia. Mimi nilipotimiza mwaka bila kufa, mama alinitazama akasema huyu ndiye hilo lenyewe, na ndivyo nikaitwa.

Kisha nikapelekwa kubatizwa. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka, maana kwetu watu walingoja mpaka baba apate viatu. Mchungaji alikuwa mtu wa bara, mwema, mwenye sauti ya kujaza kanisa. Alimuuliza baba, "Jina la Kikristo la mtoto ni lipi?" Baba akalitaja la mama. Mchungaji akatikisa kichwa: hilo ni la Waislamu wa Mombasa, tafuteni la Kikristo. Mama angeweza kumwambia kwamba neno hilo limejaa tele kwenye Zaburi, lakini mbele ya mchungaji mama hakuwa msemaji. Basi nikapewa jina la mwanamke wa Kizungu, mke wa mmisionari wa zamani, ambaye picha yake ilitundikwa ofisini, kola imemkaba shingo. Nikatoka kwenye maji nikiwa na jina lake. Mpaka leo sijui mwanamke yule alikuwa mtu wa namna gani, kama alipenda samaki, kama alikuwa mkali.

Jina hilo la pili ndilo lililokwenda shule. Ndilo lililopata kitambulisho na kazi. Wadogo zangu waliniita dada, na baba aliniita mwanangu alipokuwa na furaha. La kwanza likabaki kwa mama peke yake. Aliniita kwalo kutoka kisimani, akilivuta mwisho wake mpaka majirani wakacheka, na alipofariki hapakuwa na mdomo mwingine wa kulitamka. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Mimi nilikuwa na watu wengi, ndugu, wafanyakazi wenzangu, waumini wenzangu, na wote walimwita yule Mzungu, mimi nikaitika. Nililia sana mwaka ule, na sikumwambia mtu kwamba nusu ya kilio ilikuwa ya jina.

Nilikuja mjini nikapata kazi katika duka la leso, Biashara Street. Asiyeijua Mombasa aelewe kwamba leso nayo ina jina. Yale maneno yaliyochapwa chini, juu ya pindo, ndiyo jina lake, na mwanamke wa hapa hanunui leso mpaka ajue jina lasemaje. Rangi inaweza kumvutia, lakini akisomewa jina akaona litamgombanisha na wifi yake, anairudisha. Au anaichukua kwa sababu hiyo hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuzikunjua na kuwasomea wateja wasioona vizuri. Mchana kutwa nilitamka majina ya nguo.

Siku moja aliingia mama mmoja mtu mzima, mnene, buibui limemteleza begani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nikamkunjulia leso tatu nne. Hakuzitazama. Alikuwa akinitazama mimi.

"Nawe waitwaje, mwanangu?"

Nikamtajia la ubatizo, kama nilivyomtajia kila mtu.

"Hilo la kitambulisho. Nauliza mamako alikwitaje."

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda ni kwa sababu aliuliza kana kwamba mama yangu yuko nyumbani anapika. Nilipolitamka, sauti yangu yenyewe ilinishangaza, maana nilikuwa sijalisikia kwa miaka. Yule mama alilaza mkono wake juu ya wangu, pale juu ya leso.

"Wallahi? Basi wewe ni somo wangu! Kuanzia leo usinitaje, wala mimi sikutaji. Somo na somo hawatajani."

Akanunua leso iliyokuwa juu kabisa, bila kuuliza jina lake, jambo ambalo mwanamke wa Mombasa hafanyi. Nilimkimbilia mlangoni nimsomee. Akasema, "Leo nishapata jina moja, lanitosha."

Tangu hapo akawa hapiti dukani bila kuingia. Na nyumba niliyopanga chumba kule Buxton ilipokuwa ibomolewe nikawa sina pa kwenda, alisikia habari yangu akatuma mtu kuniita. Nyumba yake iko ndani ya Mji wa Kale, Kibokoni, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na mtu aliyebeba godoro lazima mmoja arudi nyuma. Alikuwa mjane, akikaa chini na binti yake na mume wa binti. "Juu kwangu kuna chumba kitupu," alisema, "panya ndio wakaao. Njoo ukae wewe." Nikaenda na sanduku langu na Biblia yangu, na wote tukajua kwamba Biblia ile imeonwa, na hakuna aliyesema neno.

Nilikaa pale miaka mingi, na ndiyo miaka niliyoitwa. "Somo!" kutoka ua wa chini. "Somo, mbaazi hizi hazina chumvi au ni ulimi wangu?" "Somo, nipandie hapo unichukulie miwani." Halikuwa jina la mama, lakini lilikuwa kivuli chake, na kila aliponiita nilijua kilichofichwa ndani. Jumapili asubuhi yeye ndiye aliyeniamsha, akigonga ngazi kwa mkongojo. "Somo, amka! Wenzio washajaa kanisani, we wakoroma!" Mwezi wa Ramadhani nami nilimwamsha daku, maana binti alikuwa na usingizi mzito kama gunia la mchele.

Lakini jina hilo la watu wawili liliniletea maneno. Harusini, wanawake wa mtaa walinizunguka kwa utani: "Jina tayari unalo, imebaki shahada tu!" Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikacheka, ya kumi nikaona kicheko kimeniisha. Somo aliwakemea. "Mwacheni somo wangu na dini yake. Kwani jina lina mlango?" Kanisani nako, akina mama wa umoja wetu waliposikia ninaishi Kibokoni walianza kuniombea, kwa sauti ile ya kumwombea mgonjwa. Wengi wao ni watu wa bara, wake za watu wa bandarini na reli, na mji huu wameukalia kama mtu anayengojea basi. Mmoja alisikia kwa bahati jina langu la nyumbani, akaniuliza nitasilimu lini.

Nilichoka. Mimi ni Mkristo, nasema bila kuomba radhi kwa mtu. Nilibatizwa kwa maji, na maji yale yalikuwa baridi, nakumbuka mpaka leo. Ijumaa Kuu hulia kweli, si kwa sababu wengine wanalia. Sijawahi kutamani dini nyingine. Ila sikuelewa, na sielewi hata sasa, kwa nini Mungu anijue kwa jina la mwanamke mwenye kola na asinijue kwa lile nililoitwa na mama yangu siku alipoamini kwamba nitaishi. Nilitaka mambo mawili tu: nife Mkristo, na nizikwe kwa jina la mama. Niliona si mengi.

Nilimwambia Somo siku moja alasiri tukichagua mchele. Alisikiliza, akatupa punje ya jiwe.

"Mwambie nduguyo. Yeye ndiye atakayekuzika."

"Ndugu yangu haulizi mambo hayo, Somo. Yeye ni kanisa na randa." Ndugu yangu ni seremala.

"Basi ntamwambia mimi. Ntasimama hapo makaburini kwenu niwambie, huyu jina lake hili, na shahidi ni mimi ninalo pia."

"Wewe ni mkubwa kwangu, na una sukari. Utatangulia."

Akafikiri. "Hapo sasa pana kazi," akasema, akaendelea na mchele wake. Tulicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijua amesema kweli. Shahidi wangu alikuwa mmoja, na alikuwa akiugua.

Sukari ilimshika mguu kwanza, kisha macho. Mwisho alikuwa hawezi kuinuka wala kutembea, nami ndiye niliyemwogesha, kwa sababu binti yake alikuwa na mimba nzito na Somo hakutaka mkono mwingine. Niliujua mwili ule, kovu la goti, mahali palipomuuma akimwagiwa maji ya baridi, namna alivyopenda kusuguliwa mgongo huku akilalamika kwamba namchuna. "Siku yangu ikifika, somo," alikuwa akisema, "unikoshe wewe." Nami nilikuwa nikijibu, inshallah.

Alikufa asubuhi, ameshakunywa chai, akiwa amekaa kitandani akinieleza kwamba ndege wa jirani ameacha kuimba. Niligeuka kuweka kikombe. Nilipogeuka tena alikuwa amekwisha.

Wanawake walijaa nyumbani upesi. Nilikuwa nimechota maji, nimetoa sabuni yake na kitambaa chake, nikasimama mlangoni mwa chumba nikingoja. Akaja mwosha maiti, bibi mmoja mwembamba, na beseni lake mwenyewe. Akayatazama maji niliyobeba, akanitazama mimi, na alipozungumza hakuwa na ubaya hata kidogo.

"Samahani, mwanangu. Hapa twaingia sisi."

Binti alikuwa nyuma yake. Aliinamisha uso. Nilijua sheria yao, si kwamba sikuijua. Nilijua tangu siku niliyokuwa nikijibu inshallah. Nikampa mwosha maji yangu, akayapokea, na mlango ukafungwa. Nilibaki nje nikisikia maji yale yakimwagwa. Waswahili husema mwosha huoshwa, na mimi sikuosha. Nikawaza, basi nani ataniosha mimi? Nikaenda jikoni kupika kahawa ya wafiwa, maana angalau kahawa haiulizi dini ya aliyeipika.

Nilikuwa pale jikoni, kijiko mkononi, kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza. Sauti ya mwanamume ikataja jina langu, wazi, silabi zote, na nyumba ninayokaa, ikasema maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake wakaitikia kwa pamoja kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nilijua si mimi. Hata hivyo nilimwaga kahawa jikoni ikazima moto nusu.

Sasa, kuna mtu mzima wa kijiji chetu anayesukuma mkokoteni Mji wa Kale, akipeleka mchele na maji madukani. Alikulia pamoja na mama yangu, na ni mmoja wa wachache wanaokumbuka mama aliniitaje kutoka kisimani. Alilisikia tangazo lile akiwa na mzigo. Akaona mkokoteni ukae, akampigia ndugu yangu simu Mazeras. Alichokisikia ndugu yangu ni mambo mawili tu: dada yako amekufa, na Waislamu wanamzika adhuhuri.

Alinipigia. Simu yangu ilikuwa juu chumbani, chini ya mto. Haikupokewa, na kwake hiyo ikawa hakika. Akaona hakuna wakati wa kulia. Watu hawa huzika siku ile ile, akawaza, wakishamfukia ndiyo basi, dada yetu amepotea na ubatizo wake. Akachukua mbao zilizokuwa mezani, akakata msalaba, akaupiga misumari, akaandika kwa rangi nyeupe. Akawachukua wazee wawili wa kanisa, wakakodi gari, wakaja.

Gari haliingii kichochoro chetu. Walishuka barabarani wakaja kwa miguu, ndugu yangu mbele na msalaba begani, wakiuliza nyumba. Wanaume walikuwa wametoka makaburini wakati huo, wamekaa barazani. Nilisikia yote kutoka jikoni kabla sijaelewa ni sauti ya nani.

"Karibuni, ndugu zetu. Mwatoka wapi?" Huyo alikuwa mume wa binti.

"Tumekuja kumchukua dada yetu."

"Dadenu yupi?"

Ndugu yangu akalitaja jina lililotangazwa.

Kisha mume wa binti akasema kwa upole, "Huyo tushamzika, bwana. Sasa hivi twarudi."

Ndugu yangu alipiga ukelele. Ni mtu mkimya, hata kwenye mazishi ya mama hakutoa sauti. "Mmemzikaje? Yule ni Mkristo! Amebatizwa! Kwa idhini ya nani mmemzika Kiislamu?" Wanaume wakasimama, mmoja akisema astaghfirullah, mwingine akisema mwacheni, amechanganyikiwa na msiba. Binti, kutoka dirishani, akauliza kwa sauti iliyokauka kwa kulia, "Nani amwitaye mamangu Mkristo?"

Na hapo hapo akaelewa. Binti ni mwepesi wa kuelewa, anasomesha chuo cha Kurani, kila siku anasahihisha makosa ya watoto. Akaita kwa nguvu: "Somo! Somo wa mama! Toka, uje huku nje!"

"Dada yangu haitwi Somo," alisema ndugu yangu.

Nikatoka. Nilikuwa na kanga ya jikoni kiunoni na masizi mikononi. Ndugu yangu alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, msalaba mbele yake, na rangi nyeupe imemchafua vidole na shati. Alinitazama kama mtu anayesoma neno asilolijua. Maisha yake yote ameniita dada. Siku ile mdomo wake ulifunguka ukaniita kwa jina. Jina la mama. Aliliita kwa sauti kubwa na akalivuta mwisho wake, vile vile alivyokuwa akilivuta mama, na sikujua kwamba hata yeye alikuwa akisikiliza.

Nilikuwa nimelitamani miaka yote hiyo. Lakini ndani ya nyumba wanawake nao walilisikia, na kwao lilikuwa jina la marehemu wao, linaitwa mlangoni siku ya maziko yake. Kilio kikazuka upya, kikubwa kuliko cha asubuhi, na juu ya vyote nilisikia cha binti. Ningeitika vipi? Nilisimama pale masizi mikononi, sikuitika.

Mambo yalipotulia, watu wa nyumba walifanya ustaarabu ambao sitausahau. Waliwaketisha wageni barazani, wakawapa maji na kahawa, na mume wa binti akamwomba ndugu yangu radhi kwa hofu aliyoipata, wakati yeye ndiye aliyefiwa. Wazee wa kanisa walikunywa kahawa wakitazama chini. Mimi nikakaa na ndugu yangu kwenye kipandio cha mlango. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, na ndipo nilipousoma. Lilikuwa jina la mke wa mmisionari, na chini yake jina la baba. Lile nililopewa na mama halikuwepo.

"Mbona hukuandika lile uliloniita sasa hivi?" nikamuuliza.

"Msalaba ni wa kanisa, dada." Alisharudi kwenye dada.

"Na mimi ni wa nani?"

Alikuwa akijikwangua rangi kucha. Nikamwambia yote niliyokuwa nimemwambia Somo, kwa haraka, bila mpangilio, maana nilijua wazee wanataka kuondoka. Nikamwambia siku yangu ikifika andika la mama. Akasema mchungaji atauliza limetoka wapi, halimo katika kumbukumbu za ubatizo. Nikasema mwambie limetoka kwa mama. Akatikisa kichwa polepole.

"Nitajaribu," alisema, vile fundi anavyokuambia kabati litakuwa tayari Jumamosi.

Kisha akausimamisha msalaba, akaupima kwa jicho. "Mbao nzuri hizi," akasema, "hazitapotea." Akauweka begani. Nikawasindikiza mpaka barabarani, nikamwona akiupakia nyuma ya gari, uso wenye jina ukiwa chini.

Hitima ikasomwa, wageni wakarudi makwao, nyumba ikabaki na watu wake. Ndipo nilipogundua kilichonipata. Somo ni neno la watu wawili, na hakuna mtu anayeweza kuwa somo peke yake. Hakuna tena aliyeniita hivyo. Binti hawezi kunitaja kwa jina, siwezi kumlaumu, nani atamwita mpangaji kwa jina la mama yake? Ananiita Mama wa Juu, kwa heshima, na alipojifungua aliniletea mtoto nimshike kabla ya wengi. Dukani mimi ni yule Mzungu. Kanisani niliwaambia akina mama wa umoja kwamba nimefiwa na rafiki, wakanipa pole, na mmoja akauliza kama rafiki alikuwa ameokoka. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka kabla ya sala ya kufunga. Sikurudi kwenye umoja, ingawa kanisani naenda, nakaa benchi la nyuma.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria neno marehemu. Ni neno tunalolisema kama tunavyosema mezani au mlangoni. Binti ndiye aliyenifungulia, jioni moja akinikaribisha chai, bila kujua anafanya nini. Alikuwa akieleza maneno ya Kiarabu anayowafundisha watoto. "Marehemu yatoka pale pale litokapo jina lenu," alisema. "Maana yake yule aliyekwisha kupewa hiyo huruma." Alisema jina lenu. Kikombe changu kilipoa mkononi.

Tangu hapo sikulisikia tena kama zamani. Na nyumba ile ililisema kutwa. Kiti cha marehemu. Mkongojo wa marehemu. Marehemu alikuwa hapendi hivi, marehemu angecheka. Hawakumtaja kwa jina, kwa adabu na kwa uchungu, na bila kujua wakawa wanatutaja sote wawili. Kila walipotamka, mimi moyoni niliitika. Najua ni upuuzi. Mtu mzima, mwenye mvi, anaitika jina la maiti. Lakini ndiyo sauti pekee iliyobaki inayopita karibu na mimi.

Juzi alikuja mgeni, shangazi wa mume wa binti, kutoka Lamu, ambaye hakuwahi kufika nyumba hii. Alikuwa amekaa ukumbini, binti yuko jikoni anakaanga samaki, wakizungumza kwa kupazana sauti. Mimi nilikuwa juu nakunja nguo, mlango wazi kwa sababu ya joto.

"Na kiti hiki kizuri cha nani?" aliuliza mgeni.

"Cha marehemu!"

"Cha nani?"

"Marehemu!" akaita binti, kwa nguvu, kushinda sauti ya mafuta.

"Bee!" nikaitika.

Nilikuwa nimeshasimama, nimeshashuka vipandio viwili, kama mtu aliyeitwa kweli. Chini walisikika samaki tu kwenye karai. Kisha nikamsikia mgeni akiuliza, kwa sauti ya chini sasa, "Na huyo aitikaye ni nani?"

Nilisimama pale ngazini, mkono ukutani, nikingoja binti aseme mimi ni nani. Nilingoja sana.